Mume Wangu Amenibadilishia Mwisho wa Kitabu cha Mtihani

Jina langu lifichwe kabisa, kwa sababu hapa kwetu Makueni gazeti hili likifika linazunguka nyumba hadi nyumba.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mama wa watoto wawili. Mimi na mume wangu, nimwite Baba Mwende, ni walimu wa shule ya msingi, na mwaka huu tumejiandikisha kurudia mtihani wa kidato cha nne tukiwa watahiniwa wa nje, tutafute alama za kuingia chuo kikuu. Kinachotutesa ni fasihi ya Kiingereza. Vitabu ni vinne, vyote vya kuazima, kwa hivyo tuligawana: kila mmoja asome viwili, halafu amfundishe mwenzake. Changu cha kwanza nilimwandikia noti safi, sura kwa sura. Vyake yeye alinisimulia jioni nikichambua maharagwe, nami nikiandika pointi.

Kimoja kinahusu mke aliyemkimbia mume mkali. Baba Mwende aliniambia mwishowe mke anarudi, anapiga magoti na kusamehewa. Nilikariri hivyo, hata nikatunga insha nzima juu ya msamaha.

Jumamosi iliyopita, sokoni Mukuyuni, nilikutana na mwalimu mwenzangu ambaye pia anafanya mtihani huo. Tukaanza kuulizana maswali hapo kwa vitunguu. Nilipofika kwa magoti alinikatiza.

"Nani amekuambia alirudi? Huyo mama harudi. Anafungua duka ya nguo huko mbali na kitabu inaishia hapo."

Nilipofika nyumbani nilimuuliza Baba Mwende. "Si nilikuambia alirudi," akasema. "Sasa unaamini watu wa soko kuliko mimi?" Nikaomba kitabu nijionee. Akasema alishakirudisha. Kesho yake kanisani mwenye kitabu akanishika mkono, "Mwalimu, mtanirudishia lini kitabu yangu?"

Tangu hapo silali vizuri. Siku tuliyojiandikisha, mama mkwe aliuliza, "Mkipita wote, nani ataenda chuo na nani atabaki na watoto?" Baba Mwende akacheka, akasema, "Hiyo itajipanga." Nami nilicheka. Sasa nashuku ameanza kuipanga. Mara najiambia labda alichoka kusoma akabuni tu, lakini mtu aliyechoka hafichi kitabu. Siku hizi hata akisema kulinyesha shuleni kwake, naangalia viatu vyake.

Vitabu vyake nitaazima kwa mwenzangu nivisome kimyakimya, hilo si shida. Shida ni kwamba anangojea noti zangu za kitabu cha nne. Kila jioni ananiuliza kwa upole, "Mama Mwende, umefika wapi?" Nimebakisha sura moja. Nampenda, na nimemkasirikia.

Wasomaji, mtihani ni mwezi ujao, nishaurini upesi. Nimwandikie mwisho ulivyo, ama nimwandikie wa kwangu?