Sehemu ya tano, mume wangu akazima TV

Leo nilitaka kuiponda sehemu ya tano ya ile tamthilia ya anga za juu. Nimeshindwa.

Kila Jumapili tukitoka kanisani, mimi na mume wangu Bahati tunakaa hapa kwetu Edmonton, Kanada, tunaitazama, kisha nawaandikia maoni yangu.

Sehemu hii haina vita wala viumbe wa ajabu. Rubani yuko peke yake chomboni, anapokea ujumbe kwamba baba yake amefariki. Ujumbe umechukua miaka kumfikia. Nyumbani wameshazika zamani.

Nikasema, "Hii wameweka ya kujazia tu."

Bahati akachukua rimoti, akazima.

Nilidhani amechoka. Kumgeukia, analia.

Jamani, baba yake alifariki kwao Uvira, Kongo, wakati yeye bado anasubiri huku makaratasi ya ukimbizi. Hakuweza kwenda kuzika. Kesho yake akaingia shifti kama kawaida, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumgusia habari hiyo, hata mimi.

Nilimshika mkono tu.

Alipotulia, akampigia dada yake aliyebaki Uvira.

"Dada, nisimulie mazishi ya baba. Anzia asubuhi."

Simu ilikuwa kwenye spika. Dada akasema, "Nilikuwa nangoja uulize."

Bado wanaongea chumbani ninapoandika haya. Ninamsikia Bahati akiuliza nani alibeba jeneza.

Nyinyi ambao wazazi wenu walizikwa mkiwa huku, kuna aliyewasimulia?