Mzee Nazir Hupima Mkono Kabla ya Kuuza Bastola

Saa nne asubuhi, Jumamosi ya pili ya Januari 2014. Theluji imelundikana nje ya duka la silaha za michezo huko Scarborough, mashariki mwa Toronto. Nyuma ya kaunta ya bastola, Nazir Hirji, mwenye umri wa miaka sitini na sita, anakunjua futi ya fundi cherehani iliyofifia rangi. Anamwomba mteja wake anyooshe mkono wa kuume, kisha anaupima polepole, kutoka kwenye shina la kidole gumba hadi kiungo cha kwanza cha kidole cha shahada.

"Inchi mbili na nusu," anasema. "Mwanangu, hiyo bastola unayoitaka ilitengenezwa kwa ajili ya mkono wa mtu mwingine."

Mteja huyo ni Candide Nduwimana, mwanamke mwenye umri wa miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Burundi na mkazi wa mtaa wa Parkdale. Mkononi ana picha aliyoikata gazetini. Ni bastola kubwa, nyeusi, yenye mpini mnene.

"Lakini, Mzee, ndiyo wanayotumia kazini."

"Nani kati yao ana mkono kama wako?"

Candide anaitazama tena picha yake.

Kwa miaka saba Candide amekuwa akisafisha ofisi huko Don Mills kwa dola kumi na moja kwa saa. Mwaka jana alikubaliwa katika mafunzo ya ulinzi wa magari ya kusafirisha fedha, kazi yenye mshahara wa dola kumi na nane kwa saa na bima ya meno kwa binti yake, Ella. Amefaulu sheria, huduma ya kwanza na mbio. Shabaha imemshinda. Katika risasi ishirini na tano, mlinzi hutakiwa kupata ishirini. Mara ya kwanza alipata kumi na tatu, na mara ya pili kumi na sita. Jaribio la tatu, ambalo ndilo la mwisho, ni baada ya wiki nane. Akishindwa, atarudi kwenye ndoo na ufagio.

Ndiyo maana ametafuta leseni, amejiunga na klabu ya kulenga shabaha, na sasa anataka kununua bastola yake ya kwanza ili ajizoeze.

Amesindikizwa na Winfred Jeptoo, Mkenya anayesafisha naye ofisi hizo. "Mzee, muuzie tu," anasema Winfred. "Ingawa huyu hata mende humkimbia. Mwizi akija, atampigia magoti."

"Nilimkimbia mende mmoja tu, tena alikuwa anaruka!" Candide anajitetea.

Mzee Nazir hacheki. Kabla ya kuonyesha silaha yoyote, huweka juu ya kaunta vitu viwili: kufuli ya kufunga kifyatulio na sanduku la chuma.

"Hivi ndivyo vya kwanza kununua," anasema. "Bastola ya klabu hutoka nyumbani ikiwa tupu, imefungwa, imo sandukuni, na huenda klabuni moja kwa moja. Hupiti nayo sokoni wala kanisani. Na kama kinachokuleta hapa ni hofu ya wezi, nitakupa chai, sitakupa bastola."

Ukali huo aliurithi. Alizaliwa Kigoma, mtoto wa nne wa fundi cherehani aliyewashonea mahakimu na makarani wa reli. Baba yake hakuwahi kumuuzia mtu suti siku alipoichagua. Mteja alipimwa, akaenda zake, akarudi kujaribu, ndipo akalipa. Familia ilipohamia Kanada mwaka 1973, baba alibeba cherehani moja na futi moja. Nazir alifanya kazi ya kutengeneza saa hadi kiwanda kilipofungwa, akaingia dukani hapa kama fundi, na kwa miaka kumi na tisa sasa amesimama kwenye kaunta hii.

"Wanunuzi wa mara ya kwanza karibu wote huchagua kwa macho," anaeleza. "Wanaume hutaka kubwa kwa sababu ya fahari. Wanawake nao hutaka kile walichokiona kwa wanaume. Mkono hauulizwi."

Kuhusu Candide, sababu ilikuwa nzito zaidi. Alikaa miaka tisa katika kambi ya wakimbizi huko Kasulu, mkoani Kigoma, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili chake safi. "Kambini, mwenye bunduki kubwa ndiye aliyesikilizwa," anasema. "Nikadhani ndogo ni ya kuchezea."

Aliposikia neno Kasulu, Mzee Nazir aliweka futi chini. "Samaki wetu wa ziwani, mgebuka wa mawese, unaujua?"

"Mzee, usinitie njaa."

Kisha kazi ikaendelea. Alichukua bastola ya milimita tisa inayofanana na ile ya kazini, akakagua chemba ya risasi mara tatu kuhakikisha ni tupu, akampa Candide na kuweka sarafu ya senti kumi juu yake, karibu na ncha. "Vuta kifyatulio. Sarafu isianguke."

Sarafu ilianguka. Mara ya pili ikaanguka tena. Kidole cha Candide hakikufika sawasawa, kwa hiyo kila alipovuta, bastola nzima iligeukia kushoto.

Mzee Nazir alifungua mgongo wa mpini kwa bisibisi ndogo, akatoa kipande kinene cha plastiki na kuweka chembamba. Safari hii sarafu ilitikisika, lakini haikuanguka.

"Kipande hiki kimo ndani ya boksi la kila bastola ya aina hii," alisema. "Mwambie mwalimu wako akubadilishie. Hakigharimu hata senti."

"Hakuna aliyeniambia."

"Hukuuliza. Tulilelewa hivyo: mwalimu akikupa kitu, unashukuru na kunyamaza. Kwa hili, mwanangu, uliza."

Hata hivyo, mzee alikuwa ameona jambo la pili. Kila alipovuta kifyatulio, hata kwa bastola tupu, Candide alifumba macho.

Hakumkemea. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Ulikuwa na umri gani vita vilipoanza?"

"Kumi na saba," akajibu Candide. Winfred akamshika bega, na utani wake ukakoma.

Silaha haijawahi kuwa dawa ya woga, na Mzee Nazir hakumdanganya kwamba ni dawa. Alimchagulia bastola iliyotumika ya kaliba ya ishirini na mbili, yenye sauti ndogo na teke dogo mkononi, kwa dola mia tatu na themanini, ambayo ni nusu ya bei ya ile ya pichani. "Jicho lina kumbukumbu yake," alisema. "Tulizoeze na kelele ndogo kwanza. Risasi hamsini kila Jumamosi, na sarafu nyumbani kila jioni. Lakini leo hununui. Nenda; ukirudi wiki ijayo mkono ukiwa bado unaikubali, tutajaza fomu."

Alirudi. Fomu zilichukua siku kumi na mbili. Jumamosi tano mfululizo Candide alilenga klabuni, na mwalimu wake wa kazini, alipoulizwa, alibadilisha mgongo wa mpini kwa dakika mbili.

Mwezi Machi, siku ya jaribio, Candide aliingia dukani saa nane mchana pamoja na Ella, mwenye umri wa miaka kumi na miwili. Alitandaza karatasi ya shabaha juu ya kaunta. Mzee Nazir alivaa miwani, akahesabu matundu kwa ncha ya kalamu. Ishirini na mawili.

"Na macho?"

"Yalikuwa wazi, Mzee. Yote mawili."

Mzee alivua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Basi sasa ninakuombea kitu kimoja: ustaafu bila kuichomoa bastola hata siku moja."

Yeye mwenyewe atastaafu mwezi Juni. Cherehani ya baba yake imekwisha kutiwa mafuta, na oda ya kwanza ameipata: gauni jeupe la Ella, atakayepokea kipaimara majira ya kiangazi.

Ella anaelewa Kiswahili, ila hujibu kwa Kiingereza. Alimuuliza mama yake kwa lugha hiyo kama mzee wa bastola kweli anajua kushona. Mzee Nazir alitabasamu, akazunguka kaunta na kukunjua futi ileile.

"Simama wima, mjukuu wangu," alisema. "Tuanze na mabega."