Kumtafuta Bibi Yake Don Eutimio

Jirani yetu mshonaji hupekua rejista za ubatizo mtandaoni bila kuvua kastabini kidoleni. Hukigonga nayo kioo cha kompyuta: Ibarra, Ybarra, Hibarra, maana mapadri wa zamani waliandika walivyosikia. Kila akifungua mtu asiye wake, humwomba radhi: "Samahani mama, si wewe, endelea kupumzika." Nikicheka ananitishia mkasi. Anayemtafuta ni bibi wa baba yake, Don Eutimio, mzee wa miaka tisini anayetaka kulijua jina la bibi huyo kabla hajafa.

Jana alasiri likatokea "Yvarra": ubatizo wa babu yake, baba wa Don Eutimio, kijiji chenyewe, mwaka wenyewe. Jina la mama mzazi lingekuwa kwenye ukurasa wa ndani. Nilidhani atapiga yowe. Wapi! Hakuufungua. Alivua aproni, akachana nywele, akapaka rangi ya mdomo.

"Shangazi, unatoka?"

"Nitoke niende wapi, we mtoto? Naonana na bibi yetu leo. Unataka anikute na nyuzi kichwani?"

Don Eutimio akapaza sauti kutoka jikoni: "Msifungue! Nileteeni kwanza kofia yangu, ama nitamvulia nini?"