Jinsi Mama Amoit Alivyochagua Karavani

Nikiwa mtoto kule Mundika niliona paa likitembea. Msicheke. Siku hizo mtu akihamisha nyumba yake kutoka upande huu wa boma kwenda upande ule, hakuacha paa zuri la nyasi lioze. Wanaume walikuja, wakaingia chini yake, wakaliinua kwa mabega na vichwa, likaondoka. Sisi tuliona paa na miguu tu, miguu mingi, na sauti ya mtu huko ndani akisema, "Kulia, kulia, kuna kichuguu!" Kaka yangu akamuuliza bibi kama tunapaswa kulipigia hodi. Bibi akacheka mpaka uji ukamwagika. "Hodi kwa nani? Likiwa njiani si nyumba ya mtu. Ni mzigo huo."

Sijui kwa nini nimeanza huko. Nilitaka kuwaambia juu ya kazi, maana vijana wananiuliza nilifanya kazi gani maisha yangu yote, nikisema nilikuwa nakokota nyumba za watu wanadhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Siku ya kwanza niliingia gereji moja Busia, mwendo mfupi kutoka mpakani. Foroman alikuwa amelala chini ya lori, nikaona viatu vyake tu. Akauliza, "Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la tatu."

"Basi unajua kuhesabu mpaka tatu. Gurudumu hilo lina nati ngapi?"

Nikahesabu. "Tano."

"Ala! Umezidi shule yako. Chukua spana."

Huyo Foroman ndiye alinifundisha kwamba nati za gurudumu hazikazwi kwa kuzunguka kama mtu anayecheza ngoma. Unakaza hii, unaruka kwa ile inayotazamana nayo, halafu unarudi. Ukizunguka, gurudumu linakaa upande, na huko mbele linakuacha. Alikuwa mkali lakini hakuwa mchoyo wa maneno. Alipenda sana samaki wa ziwani, na siku samaki walipokosekana sokoni hakuna aliyemsogelea. Lakini hayo ni mengine.

Miaka ya sabini ilipoingia, kampuni iliyokuwa inatengeneza barabara kwetu ilitafuta watu wa kuvuta karavani. Karavani ni nyumba ya kulala iliyowekwa juu ya ekseli, yaani ule mti wa chuma unaoshika magurudumu. Mbele ina mkono wa kufungia kwenye gari, na kwenye pembe ina miguu minne ya kuteremsha ikisimama ili isiyumbe. Wakubwa wa barabara walilala humo. Lami ikisonga mbele, nyumba nazo zinasonga. Kazi yangu ilikuwa kuzivuta, kuziegesha na kuzisawazisha.

Mkubwa wangu hapo alikuwa Injinia. Yeye hakutumia pimamaji. Alijaza kikombe chai mpaka mdomoni, akakiweka mezani ndani ya karavani, akasimama mlangoni. "Ikimwagika, unarudi Busia kukaza nati." Nikajifunza kuteremsha ile miguu kidogo kidogo, pembe hii na pembe ile, huku nasikiliza. Chai haikumwagika. Nasema kweli, ilimwagika mara moja, lakini siku hiyo Injinia alikuwa na malaria na hakuona.

Barabara ilipokwisha, karavani kuukuu zikapelekwa yadi moja pale Malaba zikauzwe, na mimi nikaenda pamoja nazo kama kiti au sufuria. Bwana wa yadi tulimwita Meneja. Alikuwa mtu wa Busia mjini, Mwislamu, kanzu safi katikati ya grisi yote ile, na ulimi mkali. Wateja walikuwa wachache. Nani kwetu atanunua nyumba yenye magurudumu na shamba analo?

Ndipo akaja Papa Omuse. Papa ndivyo Wateso wanavyomwita baba, na sisi tulimwita hivyo wote. Alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, mtu wa Moding, mwembamba, kofia haitoki kichwani. Nyuma yake alikuja mkewe, Mama Amoit, mnene, mpole wa sura, na anaangalia kila kitu.

Meneja akauliza, "Mzee, unataka karavani ya nini?"

"Nimelala barabarani maisha yangu yote peke yangu," akasema Papa. "Sasa nataka kulala barabarani na mke wangu. Nina mabinti, wameolewa huku na huku. Nataka kuwazungukia mpaka nichoke."

"Si ulale kwao?"

Hapo Mama Amoit akashika mdomo. Meneja alijua vizuri, alitaka kuwachokoza tu. Kwa Wateso, na kwetu Waluhya pia, mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa umbali. Mama mkwe halali nyumba ya mume wa binti yake, hatumii choo chake, na wakikutana njiani kila mmoja anatafuta kichaka cha kutazama. Ukienda kumwona binti, unaenda asubuhi, unarudi jioni.

Lakini Mama Amoit hakuwa anataka matembezi. Alipoona tuko wawili tu aliniambia. Amoit, binti yake wa kwanza, aliolewa Khunyangu. Alikuwa amepoteza mimba mara mbili, na sasa ana ya tatu, imekua, na mganga wa zahanati amemkataza kuinua hata ndoo. Na kule hakuna mwanamke wa kukaa naye, mama wa Ouma, yule mumewe, alikufa zamani. "Nataka kuwa karibu mpaka mtoto alie," akasema. "Kutoka Moding nikipata habari, nitakuta yameisha. Mwanangu, nitafutie nyumba ambayo nitakaa kwa mkwe wangu bila kukaa kwa mkwe wangu."

Hapo nikaelewa kwamba sijawahi kuuza karavani bado.

Kubwa iliyokuwa ya Injinia ilikuwa nzuri: ekseli mbili, kitanda kipana, jiko, na choo chake ndani. Papa aliipenda papo hapo. Mama akaingia, akaketi karibu na dirisha, akaniita.

"Wewe sasa ni Ouma, mkwe wangu. Chukua jembe lile. Toka pale penye mapipa, ndio mlango wako. Nenda shamba."

Nikachukua jembe. Nikapita.

"Nimekuona!" akapiga kelele, amejifunika uso kwa leso kama vile ni Ouma kweli. "Rudi. Sasa nenda kwa ng'ombe."

Nikaenda kwa ng'ombe. Nikaenda kisimani. Kila nilipopita, ama dirisha lilikuwa linanitazama, ama mlango. Meneja akatoka ofisini. "Wewe! Nimekuajiri ufundi au kulima?"

"Mimi ni mkwe, Meneja."

"Mkwe wa nani?"

"Wa huyu mama."

"Basi mbona unamkodolea macho? Huna adabu!"

Yadi nzima ikacheka, hata Papa. Mama Amoit hakucheka. Akauliza kama karavani ile inaweza kugeuzwa mlango uangalie ua wa michongoma. Nikamwambia ukweli. Ile ya ekseli mbili haigeuki mahali pamoja, mpaka lori na uwanja, na bomani hakuna uwanja. Ikisimama, imesimama.

Pembeni, nyuma ya matairi, kulikuwa na ndogo ya ekseli moja, ya karani fulani. Ukiinua miguu yake, watu wanne wanaizungusha kwa mikono kama jiwe la kusagia. Mlango wake ulikatwa katikati, kwa hiyo unafungua nusu ya juu kupitisha kikombe au salamu, na ya chini imefungwa. Nikachoma sakafu kwa bisibisi, kona zote, na chini ya dirisha ambako maji hupenda kujificha. Mbao ilikuwa ngumu. Nikatembea na jembe tena, na kila Mama aliposema "nimekuona" tukaisukuma kidogo, mpaka nikapita na jembe langu kwenda shamba, kwa ng'ombe na kisimani, na mle ndani kukawa kimya.

"Yuko wapi?" nikasikia anauliza.

"Anapita mbele yako," Papa akamwambia.

"Simwoni. Hii."

Lakini haikuwa na choo. Hilo lilitushika siku nzima, maana choo cha mkwe haiwezekani, na kuchimba kingine kwenye boma lake ni sawa na kujenga. Mwisho nikang'oa kabati la nguo, nikatia kiti cha mbao na ndoo ya mfuniko, na kidirisha cha hewa. Papa akauliza nguo zake zitakaa wapi. Mama akamwambia, "Utazivaa."

Tuliivuta kwa pikapu ya Papa, Malaba mpaka Busia, Busia mpaka Khunyangu, na watoto wa kila soko wakitukimbilia. Jioni tukaiegesha kando ya ua, mlango ukitazama michongoma. Amoit alikuja amejishika kiuno, polepole, akasimama nje ya ule mlango wa nusu, na mama yake akamshika mikono yote miwili kupitia juu. Mimi nikajifanya nakagua tairi.

Asubuhi Papa na Mama wakaenda kanisani. Mimi nilikuwa kwa jirani nilikolala, nakunywa chai. Ouma, kijana mzuri, mwenye furaha kupita kiasi, akaona awafanyie wakwe zake hisani. Alikuwa amesikia tairi zikikaa chini muda mrefu zinaharibika. Akaita ndugu zake, wakainua karavani, wakatoa magurudumu, wakayahifadhi ghalani, na karavani wakaikalisha juu ya mawe. Walipanga vizuri sana yale mawe. Hata chini walifagia.

Nilipofika, Mama Amoit amesimama njiani na Biblia yake, hasogei.

"Toto, ingia upumzike," Amoit akamwambia, maana Toto ni mama.

"Siingii. Hiyo imekuwa nyumba."

Na kabla sijashika jeki, akaja Mzee Makokha, baba mdogo wa Ouma, mtu mrefu mwenye fimbo, ambaye neno lake kwenye ukoo ule lilikuwa la mwisho. Akazunguka karavani. Akagonga jiwe kwa fimbo.

"Nani amejenga hapa?"

Ndugu za Ouma wakayatazama yale mawe waliyoyapanga.

"Ouma, nakuuliza. Baba mkwe wako amejenga kwako? Anayejenga mahali anazikwa hapo. Siku akifa tumzike hapa? Akizikwa kwetu ni wa ukoo wetu, na mke wako awe nani, dada yako?" Akamgeukia Papa, kwa adabu, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. "Mgeni wetu, jua likiwa juu ya kichwa, uwe umerudi kwenu pamoja na mama."

Amoit akakaa chini, pale pale kwenye vumbi. Mama yake akamtazama, na hakuweza kwenda kumshika, maana Ouma alikuwa amesimama katikati.

Nikasema, "Mzee, hiyo si nyumba."

"Ni nini?"

"Ni mzigo. Uko njiani."

Sikufikiri. Yalinitoka tu. Mzee akasema, "Mzigo, miguu yake iko wapi?"

Tukakimbilia ghalani. Sijawahi kukaza nati kama siku ile, hii, halafu inayotazamana nayo, jasho linaingia machoni. Mama alipoona magurudumu yote mawili yako chini, akapanda, akafunga nusu ya chini, nikasikia anawasha jiko.

"Bado imesimama," akasema Mzee Makokha.

Basi nikainua miguu. Papa na mimi tukashika mkono wa mbele, ndugu za Ouma wakashika ubavu, Ouma mwenyewe akasukuma nyuma akitazama ardhi. Karavani ikaanza kuzunguka, taratibu, nyasi zinalia. Mlango ukatoka michongomani ukaja kwa mzee, na juu ya nusu mlango alikuwepo Mama Amoit na leso yake, na kikombe cha enameli cha maua mkononi, kimejaa. Akapita mbele ya Mzee Makokha kama mtu aliye kwenye gari.

"Mulembe, mzee," akamsalimia kwa Kiluhya.

Ikabidi mzee asogee asikanyagwe. "Mulembe. Unaenda wapi, mama?"

"Sijafika bado. Napita tu. Utakunywa chai?"

Nilikuwa natazama kile kikombe tu. Hakikumwagika.

Mzee akasema jambo hili halijaisha, kwamba atarudi pamoja na wazee wengine. Sisi tukarudisha mlango kwenye michongoma, na tukakaa kungoja. Mimi nilirudi Malaba, Meneja ananingoja kwa maneno yake. Papa alibaki na jeki chini ya kitanda, na kila mbwa akibweka wanainua miguu ya karavani na kuisogeza hatua moja.

Mtoto alilia. Msichana. Papa alikuja yadi mwenyewe kuniambia, akavua kofia yake mara ya kwanza nikaona upara, akaivaa tena. Meneja akampa kiti na kumwita mkwe. Baadaye wakaenda kwa mabinti wengine, wakazunguka mpaka Papa akachoka, kama alivyosema.

Mimi nilistaafu palepale yadi. Nalala Mundika, nyumba isiyotembea, na sijutii. Mtu akiniuliza namna ya kuchagua karavani ya uzee wake namwambia atazame ekseli, achome sakafu, halafu aketi ndani, mtu apite nje na jembe. Mengine yote ni rangi.

Na Mzee Makokha? Hilo kila mtu huniuliza. Alipokea kile kikombe, hakunywa mbele yetu. Akasema, "Nitarudi." Akaweka fimbo kwapani, akashika kikombe kwa mikono miwili kisimwagike, akaingia kwenye mahindi. Tuliona mgongo, halafu kofia, halafu mahindi tu. Hakurudi. Na kikombe hakikurudi.