Kuufuata Mtumbwi wa Baba Pwani

Niliondoka Ifakara kuufuata mtumbwi aliotuachia marehemu baba. Daraja la mto wetu, pale Kivukoni, lipo, lakini haliendi shambani kwangu. Maji yakijaa bondeni, mpunga wangu hauvuniki bila mtumbwi. Mdogo wangu Fidelis aliuazima kiangazi, akaupakia kwenye lori akavulie pwani, akaahidi kuurudisha kabla ya masika. Mvua zilianza, yeye kimya. Nilipanda basi nimenuna.

Dar es Salaam nilibadilisha basi la kwenda kusini. Nilishuka Kibiti, nikamalizia kwa bodaboda hadi kijiji anakovulia Fidelis, kwenye mikoko. Njia nzima nilikuwa napanga jinsi ya kumpa vidonge vyake.

Pwani Fidelis alinipokea kwa shikamoo na samaki wa kukaanga. Amekonda. Alisema aliugua muda mrefu, hakuweza hata kuvua, ila mtumbwi ni mzima. Aliuzamisha kwenye maji ya mikoko, jua lisiupasue. Hasira zikanishuka. Ndivyo baba alivyotufundisha, na mtoni kwetu mtumbwi ukizamishwa hivyo unadumu miaka.

Maji yalipokupwa tuliufuata. Kwa nje ulikuwa na vitundu vidogo tu, kama vya sindano. Niliushika ukingo tuuinue, ukamegeka mkononi kama muhogo mkavu. Ndani yalijaa mashimo, upana wa kidole, na humo wamelala viumbe laini, weupe, warefu kama minyoo. Jirani wa Fidelis, Bi Zuhura muuza pweza, alisema si minyoo, ni jamii ya chaza, wanaishi maji ya chumvi na chakula chao ni mti. Ndiyo maana watu wa pwani hupandisha vyombo nchi kavu na kuvibabua chini kwa moto wa makuti, wadudu hao wafe.

Nilimuuliza kama walimwona Fidelis akiuzamisha.

"Tulimwona, mwanangu," alisema. "Tukadhani watu wa bara mna dawa yenu."

Fidelis alilia. Mimi nilikitupa matopeni kile kipande kilichonibaki mkononi.

Tulirudi Ifakara wawili, mikono mitupu. Bonde limejaa maji, na kila mwenye mtumbwi anavuna kwake kwanza, nami siwezi kumlaumu.

Mdogo wangu alifanya kila kitu kama tulivyofundwa, na hicho ndicho kilichotumaliza. Angekuwa mzembe ningemtukana, nikapumua. Sasa naenda ukingoni kila asubuhi. Mpunga umeiva, nauona kabisa ng'ambo ya maji, ndege wakiula.