Daktari na Surua ya Mlimani

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hesabu ya daktari yenyewe ilikuwa nzuri. Hata leo siioni kasoro. Waingereza walikuwa bado wanatawala, surua ilikuwa imeingia kijiji cha Maji ya Chai, chini yetu, na daktari wa serikali akapanda kwetu mlimani kujua ni watoto wangapi walikwisha kuugua miaka ya nyuma. Aliyeugua surua haugui tena, hilo tulilijua wote. Kwa hiyo kama wengi walishaugua, ugonjwa ungekuja ukakosa pa kushika, ukazimika wenyewe, kama moto unaofika kwenye nyasi zilizokwisha kuungua. Shule ya kanisa ingebaki wazi. Kama wengi walikuwa bado, ingefungwa.

Binti yangu ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule hiyo, na surua hakuwahi kuugua. Nilimzaa mimi, nikamlea mimi.

Sasa, kwetu hakuna mzazi aliyekuwa tayari kumwambia mgeni kwamba mtoto wake hajapata ugonjwa fulani. Kusema hivyo ni kuuita, ni kuuelekeza njia ya nyumbani kwako. Basi nyumba kwa nyumba jibu likawa moja: wameshaugua, wote, tunamshukuru Mungu. Hata wazee wa kanisa, waliokemea ushirikina kila Jumapili, walijibu hivyo hivyo bila kupepesa macho. Daktari akawa anaandika tu.

Alipofika kwetu alikuwa na dresa, mfunga vidonda wa zahanati, mtu mzima mwenye kaptula iliyopigwa pasi, ambaye ndiye aliyemtafsiria. Mama mkwe akampa mgeni kigoda, akaulizwa, akajibu kwa Kimeru.

"Ameshaugua huyu. Zamani."

"Mama, huyu bado," nikasema. "Hajaugua."

Mama mkwe akanigeukia. "Nyamaza! Unamwitia nini mjukuu wangu?"

Daktari akauliza ninasema nini. Dresa akamjibu kwa Kiingereza, maneno mawili matatu, naye akaandika na kuaga. Nikamfuata dresa mpaka kwenye mfereji wa maji.

"Kaka, umemwambia nini?"

"Nimemwambia unakubaliana na mama."

"Mimi? Nimekubaliana saa ngapi?"

"Shemeji, unataka nimpelekee mzungu habari kwamba mkamwana anambishia mama mkwe wake? Kesho nitapita wapi hapa?"

Nilitamani kumsukuma mferejini na kaptula yake.

Shule haikufungwa. Kwa hesabu ya daktari, mlima mzima ulikuwa umeshaugua. Nikamzuia binti yangu nyumbani, peke yangu, maana mume wangu alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja na alirudi mara chache. Mama mkwe alinivumilia kwa muda. Kumficha mtoto, alisema, ni kuutangazia ugonjwa kwamba yupo. Asubuhi moja nilipokwenda kukata majani ya ng'ombe, alimvalisha gauni la shule, akamshika mkono, akampeleka mwenyewe.

Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki.

Haukupita muda darasa likawa nusu tupu, na binti yangu akarudi na homa, macho mekundu, vipele mwili mzima. Mama mkwe akamlaza kwenye chumba chake cha giza, akamnywesha uji kwa kijiko, akakataa nimpokee zamu. Mimi nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga ya kumwambia. Mtoto alikuwa anahema vibaya, nikayameza.

Alipona. Jicho la kushoto halikupona.

Nilimkasirikia daktari kwa kuandika asichokijua, nikamkasirikia dresa, na mama mkwe nilimchukia, nasema wazi. Lakini hata kumchukia hakuniachia nikachukia vizuri. Tangu siku mtoto alipoinuka kitandani akatoka nje, kila walipokwenda pamoja, sokoni au kanisani, yeye alipita upande wa kushoto wa mjukuu wake. Hakueleza kwa nini, wala hakuniomba radhi. Mtu mwingine akikaa upande ule, alimwondoa kwa kiwiko. Alizeeka, macho yake mwenyewe yakaisha, na bado kabla ya kuondoka uani alipapasa bega la binti yangu mpaka aupate upande ule, ndipo wakaenda.