Sahani Kando ya Sinia

Waya zilipotolewa menoni mwangu nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, na nilikuwa nimeshasahau kuuma. Sisemi kutafuna. Kutafuna nilitafuna, kwa magego, polepole kama mbuzi mzee. Nasema kuuma: kukitia kitu meno ya mbele na kukikata. Kwa miaka miwili mkate niliumega, embe nililikata kwa kisu, nyama niliichana kwa vidole kabla haijafika mdomoni. Aliyenifunga waya alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa meno aliyekuwa akitafuta mtu wa kujifunzia, na mimi meno yangu ya mbele yalinitangulia kila nilikokwenda. Alizitoa kwa koleo dogo, akanipa kioo, akasema, "Haya, nenda ukale kama watu."

Likizo ilinirudisha Malindi huku ulimi ukizunguka juu ya meno, ukitafuta vyuma usivione. Siku ya kwanza nilinunua hindi la kuchoma kwa mama mmoja wa kijiji cha Ganda aliyekuwa akiuza karibu na soko. Nilijua ninachotaka: kulishika kwa mikono miwili na kulishambulia pale pale njiani, bila haya. Vidole vikanitangulia. Nikajikuta napukuchua punje mojamoja na kuzipeleka gegoni. Yule mama alinitazama, akageuza mahindi yake, akanitazama tena.

"Mwanangu, wala au wavuta tasbihi?"

Nilicheka nimeziba mdomo kwa kiganja. Hiyo nayo ilikuwa tabia ya waya. Nikakishusha kiganja kwa nguvu, nikauma. Ufizi ulilalamika. Hindi nililimaliza.

Lakini njiani hapakuwa na wa kunizuia. Kazi ilikuwa nyumbani.

Kwetu, katika mji wa kale, wanawake hula sinia moja juu ya mkeka, kila mtu upande wake. Nyama hukaa katikati, na mkono hauendi katikati. Mkubwa ndiye anayegawa, na mkubwa wetu alikuwa bibi, mama yake baba. Sahani ya peke yako ni ya mgonjwa, au ya mgeni wa bara ambaye hatujui kama ataweza kula nasi. Tangu nilipofungwa waya, kila likizo bibi aliniwekea sahani: wali uliolowa mchuzi, samaki aliyechambuliwa miiba, nyama iliyopondwa. Niliipokea kwa sababu meno yaliniuma. Niliyapokea na maneno yake pia. "Mwenyezi Mungu hakukosea kukupa meno yale," aliniambia siku moja. Nilimuuliza kama Mungu alikosea kumpa yeye macho yale, maana alikuwa amevaa miwani. Shikamoo yangu ilikaa siku mbili bila marahaba.

Ijumaa ile kulikuwa na pilau ya mbuzi. Nilinawa, nikaketi kati ya shangazi zangu wawili. Sahani ilikuwa imeshafika kabla yangu.

"Bibi, waya zimetoka."

"Nimeona. Umependeza. Kula."

"Sasa sahani ya nini?"

"Ya kukuhifadhi. Meno yaliyohamishwa ni kama mche uliohamishwa. Hautikiswi kabla haujashika mizizi."

Niliupenda mfano huo, na hilo ndilo lililonikera. Nyumba yetu ilikuwa na mfano mzuri kwa kila amri, na mfano ukishakuwa mzuri hakuna anayeuliza kama ni kweli.

"Nani kasema?"

"Nimesema mimi."

"Daktari kasema nile."

"Daktari yupi? Si yule mwanafunzi mwenzio? Yeye ajifunze, wewe ubaki kibogoyo?"

Shangazi mdogo alicheka hadi akajishika ubavu.

Nikaiinua sahani, ambayo sikuwa nimeigusa, nikaimimina yote siniani, upande wangu. Kicheko kikakatika. Kwetu chakula alichotengewa mtu hakirudishwi, ni kama kumtupia mtu zawadi yake. Bibi alipiga bismillahi akaanza kugawa. Shangazi mkubwa akapata kipande cha paja, shangazi mdogo akapata mbavu, kisha mkono wa bibi ukapita mbele yangu na kurudi kwake mtupu. Mbele yangu palikuwa na pilau na ile nyama ya kupondwa.

Mgawaji haulizwi. Basi sikuuliza. Nikapeleka mkono katikati, nikachukua kipande chenye mfupa.

"Yarabi!" alisema shangazi mkubwa.

"Mkono wako umepotea njia?" bibi aliuliza, sauti ile ile.

"Haukupotea, bibi. Ungenipa, mkono usingetoka."

Sikuwa na uchu wa nyama. Nilitaka kurudi siniani nikiwa mtu mzima, nisibaki mgonjwa kwa sababu tu kuna anayependa kuniuguza. Sahani ile ningeikubali siku hiyo, ningeikuta Ijumaa iliyofuata, na likizo iliyofuata, na ningeolewa nayo.

"Haya," alisema bibi. "Umekitaka mwenyewe. Ukile, ukimalize."

Nikauma, na ndipo nikagundua kwamba nilijidanganya. Sikuwa nimesahau kuuma. Sikuwahi kujua. Meno yangu ya juu na ya chini hayakuwa yamekutana tangu nizaliwe, na sasa yalikutana kama watu wawili mlangoni, kila mmoja akimngoja mwenziwe apite. Nyama iliteleza. Nyuzi zikanasa. Mafuta yakanitiririka hadi kiwikoni. Kinywa kilitaka kukisukuma kipande gegoni, nikakikatalia.

"Mtazameni simba wa chuo kikuu," alisema shangazi mdogo.

Sikuziba mdomo.

Wote wakashiba, mimi sijafika nusu. Kwetu hakuna anayenyanyuka kabla ya mkubwa, na mkubwa haachi kula maadamu kuna anayekula, asimtie haya. Ada hiyo nilikuwa nikiidharau, nikiiita njaa ya uongo. Siku hiyo nilimtazama bibi kwa jicho la pembeni. Angenawa tu, wangenyanyuka wote, na ningebaki peke yangu na mfupa wangu. Ingekuwa ni sahani ile ile, kubwa zaidi.

Bibi aliokota punje mbili za pilau akazipeleka mdomoni. Akatulia. Akaokota nyingine tatu.

"Mama, nina nguo ya watu kwenye cherehani," alilalamika shangazi mdogo, vidole vimemkaukia mafuta.

"Mwenzio hajamaliza."

Sikumshukuru, na yeye hakunitazama. Niliendelea kuguguna, taya zikiniwaka moto, naye akaendelea na punje zake, uso umemkunjamana kama mtu anayelishwa dawa. Mwishowe nikauweka mfupa chini. Bibi akauchukua, akausogeza karibu na miwani, akaugeuza upande wa pili.

"Hapa kwenye kifundo umeacha," alisema, akaurudisha mbele yangu.

Shangazi mdogo akaguna kwa sauti. Nikauinua tena, nikauma.